Mguu wa Bienvenu

Mume wangu Laurent ni mtu wa miguu. Wengine Mungu aliwapa mikono ya kazi, wengine aliwapa mdomo, na mimi ni wa mdomo, sifichi. Laurent alipewa miguu. Mkalishe kwenye kiti asubuhi nzima uone anavyoanza kukohoa na kulalamikia mgongo. Mwambie aende Mbarara bila gari, atakuuliza kitu kimoja tu, kama mvua imenyesha, maana udongo wa Isingiro ukilowa unashika kandambili hadi mtu anatembea amebeba shamba.

Hadi juzi watu wa Kashojwa, kijiji chetu cha kambini, walimtambua kwa fimbo yake. Mkongomani mrefu, fimbo fupi. Wageni walicheka, kwa sababu mtu wa kimo kile akitaka kuegemea fimbo ile lazima ainame. Nami nilicheka zamani. Fimbo ilikuwa ya Bienvenu, mdogo wake, na habari hii ni ya hao wawili, ingawa mmoja simwoni tena kabisa na mwingine namwona akipita.

Sisi ni watu wa Tanganyika, wa ufuko wa Fizi. Huko Laurent alipokuwa kijana alikuwa akibeba ndagala, dagaa wetu wadogo. Wavuvi wakishawaanika mchangani wakakauka, yeye alifunga gunia, akalitwika kichwani na kupanda nalo hadi kwa wafugaji wa milimani, ambako ni baridi na samaki mbichi hafiki. Alilala kwao, akashuka na maharage. Sijamwona akipenda kitu chochote kama alivyoipenda kazi ile, mimi nikiwemo. Mpaka leo akianza kuisimulia husikii la jirani: jinsi ukungu unavyobaki chini yako, jinsi ziwa linavyozidi kutanuka kadiri unavyopanda, jinsi usivyopaswa kutazama kilele bali fasi, mahali mguu unapotua. Ukipanda usiongee. Ukichoka simama, usikae, kwani magoti yakishakunjwa yanagoma. Amenifundisha hayo mpaka yamenichosha, na mimi nilikuwa sitaki kupanda mlima wowote.

Vita vilipotufukuza, njia ya ufukweni ilikuwa na watu wenye bunduki, tukapita milimani. Mimi nilikuwa na binti yetu Larissa mgongoni, bado ananyonya. Mama mkwe wangu, Annonciata, alimshika Bienvenu mkono, naye alikuwa mtoto wa kukimbia-kimbia tu. Kwenye mteremko mmoja aliteleza, akaanguka korongoni, mguu wa kushoto ukavunjika kwenye muundi. Mzee mmoja tuliyekuwa naye msafarani aliunyoosha kadiri alivyoweza, akaufunga kwa vijiti na kamba za mgomba. Laurent akambeba mgongoni kwa kitenge changu, kama mwanamke abebavyo mtoto, mpaka Uvira. Njia nzima Bienvenu alikuwa akimwamuru pita huku, pita kule, usinitikise. Laurent alitii kila amri.

Mfupa uliunga, lakini uliunga kombo. Katikati ya muundi palibaki kona na kinundu ambacho uliweza kukiona hata amevaa suruali. Mama Annonciata alikisugua kwa mawese kila jioni, Uvira, Bukavu, kisha hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, akiamini siku moja mguu utanyooka. Bienvenu alikua, akaota ndevu, na bado jioni alikaa mlangoni akampa mama yake mguu. Tulimtania kwamba akioa itabidi bibi harusi apewe chupa ya mawese pamoja na mume.

Mtu wa mguu kombo anafanya kazi gani kambini? Shamba linataka kusimama. Mgao wa chakula ulipopunguzwa kila mtu alilazimika kutafuta lake, na Bienvenu akapata ziwa. Mnyankore mmoja, mwenyeji wa hapa, Rwakabuba, mwenye mitumbwi kwenye mwalo wa huku kwetu, alimchukua akamfundisha. Katika mtumbwi mguu hauna kazi. Bienvenu aliacha fimbo yake ufukweni, akaichomeka kwenye tope, na majini akawa mzima kuliko sisi wote. Ukipita mwaloni ukaiona fimbo imesimama, ulijua Bienvenu yuko ziwani. Mimi nilichukua samaki wake, ngege, ambao wengine huwaita sato, na wale samaki warefu waitwao mamba wanaopumua hewa, nikaenda kuwauza sokoni Rwekubo. Tulikula vizuri miaka ile. Nasema hivi ili ijulikane kwamba ziwa hili pia lilitutendea wema.

Lakini si ziwa, kwa macho ya watu wa kwetu. Mama Annonciata alipoliona mara ya kwanza aliuliza kama ni mafuriko. Maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa, kina chake hakitishi, na pembezoni hakuna mchanga ila fasi chache. Kote kumejaa mafunjo marefu kumpita mtu, yamesimama juu ya maji. Na ndani yake viboko. Sisi tuliozoea kuona mawe chini ya maji tulilidharau.

Mwaka juzi, kiangazi kikianza, upepo wa alasiri ulivuma, na jioni fimbo ilikuwa bado imesimama. Asubuhi yake mtumbwi ulionekana umepinduka karibu na mafunjo ya upande wa kusini. Nyavu hazikuonekana, wala Bienvenu.

Hapo ndipo lilipotendeka lile ambalo mtu asiye wa Tanganyika asingelitenda. Kwetu, ziwa likimchukua mtu, humfuati. Unatazama upepo wa jioni unaelekea wapi, unakwenda kukaa kwenye mchanga wa upande huo na shuka jeupe, unaimba, unangoja. Mawimbi yanamleta mwenyewe na kumlaza mchangani. Kumtafuta kwa makasia na miti ni kumtukana aliyekufa na kulikasirisha ziwa, nalo laweza kumshika moja kwa moja. Tumewaona wengi wakirudishwa hivyo, si hadithi.

Rwakabuba alikuja na mitumbwi yake yote na miti mirefu, tayari kuingia majini. Laurent akamzuia.

"Tungoje," alimwambia. "Ziwa itamurudisha. Mukienda kuchoma-choma na miti mutamuumiza."

"Sebo, hii si ile ziwa yenu," Rwakabuba alijibu, akimwita bwana kwa lugha yake. "Hapa maji haileti mtu. Hii mafunjo inatembea. Leo iko hapa, kesho imeenda. Twende sasa."

"Tungoje."

Wazee wote wa Fizi waliokuwepo walimuunga mkono Laurent. Mimi pia niliona ni sawa. Tulikaa kwenye kipande cha mchanga tukaimba nyimbo za kanisa, shuka limetandazwa, na Rwakabuba alikaa kando ameshika kofia mkononi kama mtu anayemtazama mwenzake akikosea na adabu inamzuia. Siku zilipita hivyo. Kisha upepo uligeuka, na tukaona kwa macho yetu kisiwa kizima cha mafunjo kikiachana na ufuko wa mbali, ndege wakiwa juu yake, kikaja polepole na kutulia palepale mtumbwi ulipokuwa umeonekana. Hapakuwa na maji tena pale. Ukitazama ungedhani ni nchi kavu tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Laurent alisimama. Akaomba mti mrefu. Rwakabuba alimpa, wakaingia wote majini na kuchoma mafunjo mpaka mikono ikatoka damu, lakini mafunjo yale yamesukana mizizi, mti hauingii.

Sijui kama wangempata siku ile ya kwanza. Mimi sijui, Rwakabuba hajui. Laurent peke yake ndiye anayejua. Kichwani mwake wangempata, tena mzima wa kuzikika.

Katika ukoo wao msiba haufungwi mtu hajazikwa. Mama wa marehemu hulala chini, kwenye mkeka, wala hasogelei kitanda. Na nyumba haili wala haiuzi samaki wa ziwa lililomshika mtu wao. Mama Annonciata alitandika mkeka chumba cha mbele, akakaa. Kwa kawaida ni mambo ya muda mfupi. Mtu anazikwa, watu wanakula, mama anaogeshwa, anapanda kitandani. Safari hii hapakuwa na wa kuzikwa. Pasta alikuja kumwambia kwamba Mungu anajua Bienvenu alipo. Mama akamjibu kwamba basi Mungu amwambie Laurent.

Masika yakapita, baridi ya sakafu ikaingia kifuani mwake. Usiku mzima anakohoa, asubuhi yuko palepale. Nilimletea godoro, akalisukuma. Nilimletea maneno, nikamwambia Mama unataka kutuachia msiba wa pili, akageukia ukuta. Kila mtu aliona inakokwenda. Asipopata mtu wa kuzika, mkeka ule ungemzika yeye, na kwa Laurent ingekuwa ameua mara mbili.

Ndipo Laurent alipoichomoa fimbo kwenye tope akaanza kutembea.

Kwanza alizunguka ziwa upande wa karibu. Baadaye likawa ziwa zima, na madimbwi yake, na mabonde yanayoliingia. Alitoka na mihogo ya kuchemsha na chupa ya maji, akarudi siku nyingine, miguu imechanwa na miiba, ananuka tope. Aliongea na wachunga ng'ombe, akawauliza kama wameona mfupa, nguo, wavu. Wengine walimdhania kichaa. Wengine walimpa maziwa. Kazi za vibarua alizopata aliziacha katikati, na mimi niliyezoea kuuza samaki nikaanza kuuza nyanya, ambazo hazina ubishi wala utamu wa kuuza. Mtu hapandishi sauti kwa ajili ya nyanya.

Nilikasirika, lazima niseme. Nilimwonea wivu marehemu. Siku moja nilimfuata kwa hasira, nikitaka nione huko anakokwenda kuna nini. Tulipita vilimani, kwenye migunga, kwa vijia vya ng'ombe vinavyokatana hivi na hivi. Yeye mbele, mimi nyuma nanung'unika mpaka pumzi ikanikatika. Huko juu alisimama, nami nikasimama, sikukaa. Chini yetu ziwa lilitulia, na mafunjo yake yalionekana kama viraka vya kijani vilivyoshonwa na mtu asiyejua kushona. Upande wa pili vilima vya Tanzania. Upepo ulikuwa mzuri. Nilimtazama Laurent usoni, nikaona kitu kilichonichoma kuliko yote: alikuwa ametulia. Kwa muda mfupi yule kijana wa gunia la ndagala alikuwa amerudi.

"Unafurahia," nilimwambia.

"Nikiwa natembea, Mama Larissa, naona kama niko nafanya kitu. Nikifika nyumbani naona mukeka."

Tukashuka. Tangu siku ile sikumzuia tena, ila sikuacha kukasirika.

Kiangazi cha mwaka huu kilikuwa kikali, maji yakarudi nyuma. Upande wa mbali wa ziwa, kipande cha mafunjo kilikwama kwenye tope, kikakauka na kulala. Laurent alikuwa akipita hapo akichokoa-chokoa kwa fimbo ya Bienvenu, ikagonga kitu kigumu. Alipiga magoti akafukua kwa mikono. Alikuwa mtu, yaani mifupa ya mtu, imeshikana na mabaki ya wavu. Aliniambia alikaa kando yake akala muhogo uliobaki, halafu akaenda kuita polisi.

Polisi walikuja kwa pikipiki. Askari mmoja alimhoji hapo hapo topeni.

"Wewe ulijuaje iko hapa?"

"Sikujua. Natafuta mudogo wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi, na wewe bado unatafuta?" Askari akamtazama kuanzia kandambili mpaka kofia. "Pole, sebo. Lakini hii lazima iende Mbarara, daktari aone kwanza. Ni sheria."

Laurent akawafuata Mbarara. Alilala Kakiika, pembeni mwa mji, kwa Twizeyimana, Mrundi tuliyekuwa naye jirani kambini, ambaye sasa anachunga ng'ombe wa maziwa wa mtu. Kila asubuhi alikwenda hospitalini, akakaa kwenye benchi, akarudi Kakiika. Twizeyimana alinipigia simu kuniambia kwamba bwana wangu hali chakula sawasawa na usiku anazungukazunguka zizini mpaka ng'ombe wanasimama. Mimi sikumwambia Mama Annonciata lolote. Lakini Kashojwa haina siri, akasikia, na akaanza kuomba maji ya moto ya kuoga, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa hiari muda mrefu. Kukohoa kwake kulikuwa kumefikia mahali ambapo majirani walikuwa wakiuliza kwa sauti ya chini.

Hatimaye daktari alimwita Laurent. Alikuwa kijana mpole, akatafuta Kiswahili chake chote. Akamwambia kwamba huyo alikuwa mwanamume, mtu mzima, amekaa majini na topeni muda mrefu. Hakuna mwingine aliyekuja kumuulizia. Kisha akauliza swali moja.

"Huyu brother yako, alikuwa amevunjika mfupa siku moja? Mkono, mguu?"

"Hapana," Laurent alisema.

Aliniambia neno lile lilitoka lenyewe. Mimi nimelala na mtu huyu miaka mingi, najua halikutoka lenyewe. Alimwona Mama kwenye mkeka, akasema hapana. Daktari aliandika, polisi wakapiga mhuri, mifupa ikafungwa kwenye gunia jeupe, akakabidhiwa. Twizeyimana alimpigilia kisanduku kwa mbao za kreti.

Madereva wa magari ya kwenda Rwekubo waliuliza kisanduku kina nini. Laurent, aliyekuwa ameshatumia uongo wake wote hospitalini, akawaambia ukweli. Walikataa, mmoja baada ya mwingine. Hakubembeleza. Alitoa kitenge changu mfukoni, akafunga kisanduku mgongoni kama alivyomfunga Bienvenu zamani, akashika fimbo fupi na kuianza barabara ya Isingiro kwa miguu.

Safari hiyo amenisimulia mara moja tu. Toka mjini alikuwa akiongea naye. Bienvenu, hapa kuna mteremko, jishike. Bienvenu, hawa ng'ombe pembe zao zitatutoa macho. Pikipiki zilipita, watu wakaangalia, yeye anaongea. Migomba kushoto na kulia, jua kali, njia inapanda na kushuka bila kufika. Kupita Kaberebere, anasema, alianza kungoja. Hakujua anangoja nini. Baadaye akagundua kwamba anangoja kuamriwa: pita huku, pita kule, usinitikise. Mgongo wake uliujua uzito wa Bienvenu, ukajua namna alivyolalia bega la kulia ili mguu mbovu usiguswe. Huyu aliyembeba alikaa katikati, kimya, kama mgeni anayeogopa kusumbua.

Aliacha kumwita Bienvenu. Alitembea hatua nyingi, halafu akamwambia, "Unisamehe, ndugu. Sijui jina yako." Wakaendelea. Usiku walilala kwa mchunga ng'ombe, kisanduku kikiwa nje chini ya mgunga kwa ombi la mwenye nyumba, na Laurent akalala nje pia.

Alipoingia Kashojwa watu walikuwa wamejaa uani. Walianza wimbo. Alipita katikati yao akaingia chumba cha mbele, akapiga magoti, akafungua kitenge, akaweka kisanduku mbele ya mkeka. Mama Annonciata alikuwa ameoga, amefunga kitambaa safi kichwani.

"Fungua," alisema.

"Mama, tusimusumbue. Tumuzike."

"Fungua, Laurent."

Alifungua. Wimbo ulikufa mdomoni mwa mtu mmoja mmoja. Mama alisogea kwa magoti, akafumba macho, akaingiza mkono wake wa kulia, mkono uleule wa mawese. Akapata muundi. Akaupitisha kiganja kuanzia gotini mpaka chini, taratibu. Akapata mwingine, akaupitisha. Akarudia wa kwanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimwomba Mungu ampe mkono wake ganzi, dakika moja tu. Mifupa yote miwili ilikuwa imenyooka.

"Huyu mutu ni nani?" aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Ni Bienvenu, Mama."

"Nimekuuliza huyu mutu ni nani."

Laurent akaangua kilio. Sijawahi kumsikia akilia hivyo, hata siku kisiwa cha mafunjo kilipokuja. Nilielewa papo hapo kwamba alijua tangu alipofukua, na kwamba alitembea siku hizo zote akijua. Mama alimwacha alie. Akafunika gunia vizuri, akalikunja pembe zake kama shuka la mtoto.

"Huyu naye iko na mama," alisema mwishowe. "Mama anamungojea fasi fulani. Sasa wewe umemuleta huku kwetu, basi tumuzike siye. Niinueni."

Tulimuinua. Alikuwa mwepesi kuliko ndoo ya maji. Akavaa viatu, akatoka nje kwenye jua, akatembea mpaka makaburini akiegemea bega la Larissa, akikohoa, akikataa kusimama. Mimi nilibaki, kwa kuwa lazima mtu abaki apike, na pia kwa kuwa tumaini lilinipanda kichwani. Amesimama, nilijisemea. Akishazika, amezika. Nikautoa mkeka nikauanika kwenye ua. Nikafagia chumba, nikatandika kitanda chake shuka mbili na blanketi. Nikamtuma mtu kwa Rwakabuba aniletee ngege, nikaunga mchuzi kwa nyanya zangu mwenyewe. Nyumba ilinukia samaki, na nilikuwa nikiimba.

Huko makaburini, Larissa ameniambia, Mama Annonciata ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, fungu la mama. Pasta alipouliza jina gani liandikwe msalabani, alisema waandike mutoto wa mutu. Laurent akaichomeka fimbo ya Bienvenu kichwani mwa kaburi, akaiacha pale.

Walirudi jioni. Mama alisimama mlangoni, akaona kitanda, akasikia harufu ya mchuzi. Hakugomba. Alitoka nje, akautoa mkeka uani, akaukung'uta vumbi, akauburuta ndani mwenyewe na kuutandika palepale. Akakaa.

"Musiba ya mwenzangu imekwisha," alisema. "Yangu bado. Mama Larissa, hiyo samaki peleka kwa majirani."

Niliipeleka. Sufuria nzima, mlango hadi mlango, na kila aliyeniuliza msiba umefungwa nilimpa samaki nikapita.

Asubuhi Laurent alikuwa ameshavaa kandambili. Nilimfungia mihogo. Alisema apitie kwanza makaburini akachukue fimbo, na Mama akamsikia.

"Muachiye mugeni," alisema kutoka chini. "Atatembea nayo akirudi kwao."

Basi Laurent alitoka mikono mitupu. Nilimwangalia akipita kwenye nyumba za mwisho na kuanza kupanda, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa akitembea wima, mrefu kama siku aliponioa. Hakuna atakayemcheka sasa.

"Amechukua njia gani?" Mama aliuliza.

"Ya mulimani, Mama."

Akakohoa, akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na nyanya za kupeleka Rwekubo, na maji ya kuchota, na maneno mengi mdomoni ambayo yangemfaa Laurent, na ziwa, na Mungu mwenyewe. Nikayaacha yote. Nilivua viatu nikakaa kwenye mkeka. Mama Annonciata alisogea kidogo kunipa fasi.